Waifai Yangu Inamkubali Kila Mtu Isipokuwa Mimi

Mpendwa Shangazi Wilhelmina,

Jumatatu nilipoteza intaneti ya nyumbani kwangu, na Jumatano nikapoteza mke. Naanza na intaneti kwa sababu ndiyo iliyotangulia, na naomba unisaidie kwa mpangilio huohuo, usirukie mke kwanza kama walivyofanya wote niliowaeleza.

Mimi naitwa Ndalahwa, jina langu lichape tu, sijaiba cha mtu. Natengeneza mageti na madirisha ya chuma, karakana yangu iko Nyakato, nyumba yangu iko Mabatini, na vyote viwili nimevipata kwa mikono hii, nilianza kwa kusukuma mkokoteni wa vyuma vya watu mpaka nikawa na vyuma vyangu, sikurithi hata msumari. Mwezi wa tatu niliamua familia yangu nayo iwe na waifai, nikanunua ruta, kile kisanduku cheusi chenye taa za kijani, nikamwita kijana mmoja fundi wa mitandao anaitwa Jovinary, mtu wa Kagera kama mke wangu Prudencia, akaja kufunga wakati mimi niko kazini.

Sasa nakueleza siku ile ilivyokwenda ili uone kwamba neno la siri nililitoa mimi, kwa mdomo wangu. Jovinary alinipigia akiwa nyumbani kwangu, akauliza mzee tuweke neno gani, nikamwambia weka Shimba, ambalo ni jina la babu yangu, akasema mzee hilo linagoma, nikamwambia Shimba haligomi, andika tena, simu ikakatika. Akapiga tena, wakati huo vijana wangu wanakata bomba kwa mashine, kelele mpaka mbinguni, akanipa shikamoo upya kana kwamba hatukuwa tumesalimiana, watu wa kwao wana adabu sana ya simu, akaongeza maneno mengine ambayo sikuyasikia, mimi nikaitikia kwa sauti kubwa ili ajue nipo, halafu akasema, "Sawa mzee, limekubali," akakata. Jioni nikakuta ameshaunganisha kila kitu, simu ya Mama Hellen, simu ya binti yetu Hellen na televisheni, na ya kwangu nikampa akaiunganisha palepale. Nikamlipa, tukaishi kwa amani.

Jumatatu hii niliinama kupima ngazi ya chuma ya boti ya mteja pale Kirumba, simu ikachomoka mfuko wa shati ikaingia ziwani. Hilo silalamiki, ziwa ni ziwa. Nikanunua simu mpya, nikarudisha laini, nikafika nyumbani, nikafungua waifai, simu ikataka neno la siri, nikaandika Shimba. Shangazi, kitufe cha kuunganisha kikabaki kimefifia, hakibonyezeki. Si kwamba simu ilinikatalia, haikunisikiliza kabisa. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikaandika kwa herufi ndogo, nikatoka nje nikarudi ndani. Kimefifia. Na muda wote huo Mama Hellen yuko kwenye kochi anaangalia mtu wa Bukoba anakaanga senene, kwa intaneti yangu.

Nikamwuliza, "Mama Hellen, neno la siri ni lipi?"

Akasema, "Si lile ulilompa fundi mwenyewe?"

"Nililompa linagoma."

"Basi mimi silijui, Baba Hellen. Aliyetuunganisha ni Jovinary."

Sasa piga hesabu mwenyewe. Simu yake inaingia. Ya mtoto inaingia. Televisheni, ambayo haina hata akili ya kujizima, inaingia. Anayelipa yuko nje. Ruta ni moja na neno ni moja, kama silo nililotoa mimi basi kuna aliyelibadilisha, na anayelibadilisha neno la siri ana siri.

Hellen akasema, "Baba, leta simu nikuonyeshe ile picha ya miraba miraba, unaipiga tu na kamera unaingia bila kuandika chochote." Nikakataa. Siwezi kuingia kwenye kitu changu kwa kupenyezwa na mtoto kama mtu aliyerushwa ukuta. Mdogo wangu Malimi naye akaja na ushauri wake, eti ruta ina kitundu nyuma, ukichoma na sindano inajisahau yote unaanza upya. Nikamwambia ikijisahau na ushahidi utakuwa umefutika, achana na ruta yangu.

Nikampigia Jovinary, ambaye siku hizi yuko Geita. Nakuandikia mazungumzo yetu kama yalivyokuwa. Akasema, "Shikamoo mzee." Nikasema, "Marahaba. Neno la siri la ruta yangu ni lipi?" Akasema, "Si ndiyo hilo, mzee." Nikasema, "Lipi?" Akasema, "Hilo ulilolisema sasa hivi." Nikasema, "Nimesema nini? Mimi nimekuuliza!" Akasema, "Kabla hujauliza, mzee, ulilisema," na nikasikia kabisa anacheka. Nikamwambia mimi si mtu wa kuchezewa, nikakata, nikaifungia namba yake, na bado nimeifunga.

Hapo ndipo picha ikakamilika. Fundi wa Kagera, mke wa Kagera, wote wawili hawataki kulitaja neno, na nikakumbuka kwamba siku ile ya kufunga ruta waliongea Kihaya muda mrefu, Hellen aliniambia. Jumatano wakati wa chakula nikamwuliza mke wangu, "Wewe na Jovinary huwa mnaongea nini?"

"Tunaongea Kihaya."

"Kuhusu nini?"

"Ndizi."

"Ndizi gani?"

"Ndizi unazokula hapo."

Ni kweli nilikuwa nakula ndizi, na ni kweli mama yake Jovinary huzituma kwa basi kutoka Bukoba, lakini mtu mwenye kosa huwa na majibu mafupi, nikamwambia hivyo, nikamwambia pia kwamba mwanamke anayemfungia mumewe nje ya intaneti kuna mtu amemfungulia.  Kwa kawaida angenitania, maana yeye hunicheka matamshi, eti mimi nikitaka kupiga kura nasema napiga kula, na yeye akitaka kulala anasema anakwenda kurara na sijawahi kumcheka. Siku ile hakutania. Alinawa mikono, akachukua begi, akaenda Usagara kwa dada yake mkubwa Specioza, ndiye aliyemlea. Mlangoni akasema, "Ukilipata hilo neno lako, ulale nalo."

Leo asubuhi kaka yao Bagenda akanipigia. "Shemeji, Jumamosi saa nne uje Usagara, tutakuwa tumekaa. Utueleze ni neno gani dada yetu amekuficha." Nitakwenda. Lakini siwezi kwenda kukaa mbele ya wakwe mikono mitupu, nataka niende na jibu.

Kwa hiyo Shangazi, usinipe maneno ya kuvumiliana, hayo nimeshapewa na mchungaji. Nataka jibu la moja kwa moja: mke wangu amebadilisha neno la siri, au hajabadilisha? Gazeti lenu hufika Mabatini Ijumaa asubuhi. Nataka niwe nimelisoma kabla ya saa sita mchana.

Ndalahwa,
Mabatini, Mwanza


Shangazi Wilhelmina anajibu:

Ndugu Ndalahwa, hajabadilisha. Hakuna aliyebadilisha. Neno la siri la ruta yako ni Marahaba.

Soma tena sentensi hiyo, halafu rudi kwenye barua yako mwenyewe, kwa sababu umeniandikia kila kitu na hukusoma ulichoandika. Jovinary alikwambia Shimba linagoma. Lilikuwa linagoma kweli, wala si kwa kumdharau babu yako. Hizi waifai za nyumbani hazipokei neno lenye herufi chini ya nane. Hesabu Shimba. Wewe unayepima geti mpaka milimita, herufi sita zimekupita! Ndiyo maana hata simu yako mpya imekififisha kile kitufe. Haina kinyongo na wewe, inasubiri herufi zitimie.

Simu ilipokatika, kijana akapiga tena, akakupa shikamoo kama alivyolelewa, na yale maneno uliyoshindwa kuyasikia kwa kelele za mashine yalikuwa, bila shaka, "tuweke neno gani lingine?" Ukajibu kwa sauti kubwa, "Marahaba!" Yeye akajua mzee ameshachagua. Akaandika, likakubali, akashukuru. Herufi nane kamili. Na juzi ulipompigia Geita, akakusalimia, ukaitikia, ukamtajia neno la siri kabla hujaliuliza. Akakwambia ukweli mara mbili. Ulitaka acheke vipi?

Sasa kuna jambo moja zaidi, na usilichukie. Mimi nami ni Msukuma, nimezaliwa Misungwi, mama yangu mpaka anaingia kaburini alikuwa akiniita Wilihelimina, kwa hiyo naongea kama mtu wa nyumbani. Jovinary hakuandika ulichokusudia, aliandika alichosikia. Umekiri mwenyewe kwamba kura kwako ni kula. Basi anza kuandika malahaba, kwa herufi ndogo, bila nafasi. Likikataa ndipo uandike marahaba. Nina hakika utaishia kwenye la kwanza. Nimekuambia la intaneti kwanza, kama ulivyotaka.

Nakuja kwa mke.

Nakuhurumia kwa jambo moja. Umejenga nyumba kwa mkokoteni, halafu unarudi kwako unakuta kitu ulichokilipia kinamkaribisha kila mtu wewe kinakuacha mlangoni. Hilo linauma, na wanaokucheka hawajawahi kusukuma mkokoteni. Lakini huruma yangu inaishia hapo. Mkeo alikuambia, "Silijui," na ilikuwa kweli, kwa sababu fundi ndiye aliyeunganisha simu yake kama alivyounganisha ya kwako. Wewe mwenyewe umeitumia waifai hiyo tangu mwezi wa tatu bila kulijua neno lake, na hakuna aliyekuita msaliti! Mtoto akakuletea suluhisho la nusu dakika, ukalikataa eti kwa kulinda heshima. Malimi akakuletea la pili, ukalinda ushahidi. Ushahidi wa nini, Ndalahwa? Wa ndizi?

Prudencia hakuondoka kwa sababu ya ruta. Aliondoka kwa sababu ulimwambia kuna mtu amemfungulia, mezani, mbele ya chakula alichokupikia, na ndizi za mama wa watu zikiwa mdomoni mwako. Unasema siku ile hakukutania. Hilo ndilo ulilopaswa kuliogopa, badala ya kuhesabu urefu wa majibu yake. Mwanamke wa Kihaya anayemcheka Msukuma wake matamshi bado yuko ndani ya nyumba. Akinyamaza akanawa mikono, ameshatoka, begi linafuata tu.

Haya, sasa fanya hivi. Ukishasoma hapa, ifungue namba ya Jovinary, umpigie. Atakupa shikamoo. Itikia, halafu nyamaza uone kama atacheka, na akicheka cheka naye, kisha umwombe radhi. Usimwagize kazi nyingine siku hiyo.

Ukimaliza, nenda Usagara leo. Leo, si kesho. Ukingoja Bagenda apange viti utakwenda kama mshtakiwa, ukienda leo unakwenda kama mume. Nenda na Hellen, ni mama yake. Simu iache mfukoni. Usiende kuwaonyesha kwamba imeunganishwa, wala usianze na hadithi ya herufi nane, maana utajikuta unaeleza mtambo wakati watu wanasubiri pole. Hadithi hiyo ni nzuri na itawachekesha sana, lakini mwenye haki ya kuisimulia kwanza ni Prudencia, siku atakayopenda mwenyewe. Wewe sema tu: nilikushuku bila sababu, nikakutukana mezani, naomba unisamehe. Sema kwa Kiswahili, na matamshi yako yaache yalivyo. Akikucheka, mshukuru Mungu.

Mlangoni utakutana na Specioza, ambaye ndiye mlezi, na kwa jambo hili hata ungekuwa umemzidi miaka, leo ni mkubwa wako. Mpe shikamoo kabla hujasema lolote. Akikuitikia, utakuwa umelisikia kwa masikio yako lile neno ulilolitafuta wiki nzima, na limetoka kwa watu uliosema wanakuficha. Asipokuitikia usikasirike, usikate, usimfungie. Hicho ni kitufe kilichofifia, na sasa unajua maana yake: uliyosema bado hayajatimia. Ongeza.

Na mimi sasa nataka jibu la moja kwa moja. Umekwenda, au hujakwenda? Nitumie kabla ya Jumamosi saa nne.