Nondo Walionyonya Shati la Amosi

Bwera

Mama yangu,

Nakupigia magoti hapahapa jikoni kwangu, ijapokuwa hunioni. Miguu imeamkaje? Uvimbe umepungua, au bado unajilazimisha kwenda kisimani ukidhani habari hazinifikii kutoka Arua? Mwache Shangazi achote, jamani! Sisi tupo. Mume wangu yuko zamu mpakani, anakusalimu. Na wewe binamu yangu Letisia unayemsomea Mama, soma polepole, na ukifika pabaya usiruke.

Mama, uliniagiza kitu kimoja tu. Kwa kuwa miguu ilikukatalia kuja kumzika mdogo wangu Amosi, ulisema nikutumie shati lake la kazi, na nisilifue. Nilikuelewa. Kule kambini, enzi za uaskari wa Baba, ulikuwa ukitambua nguo zetu kwa kunusa tu, hata zikichanganyika na za watoto wa majirani. Nikakuahidi. Sasa niache nikueleze nilivyoharibu.

Huku kuna nondo wa ajabu. Si wale wa kujigonga kwenye taa. Hawa wanaruka jua likiwaka, weusi wenye mabaka mekundu na ya manjano, na mgeni hudhani ni vipepeo. Amosi aliwapenda. Akipalilia kahawa, yale magugu aliyong'oa yakinyauka, nondo huyafuata kuyafyonza. Akikaa kupumzika, wanahamia kwake, kwenye kola na kwapani, wanakunjua mrija wao mwembamba na kunywa jasho. Hakuwafukuza hata siku moja. "Dada, wageni wangu hao, wape viti," alikuwa akinitania.

Tulipomaliza matanga, watu wakarudi makwao. Kwa mvua hizi shati lilianza kunuka ukungu, nikalianika lipate jua kidogo. Nondo wakaja. Wakalijaa zima, Mama, kama wanamtafuta. Pale jasho lilipokaukia walidondosha tone la mate, wakalowesha kitambaa, wakanyonya. Nikakaa mlangoni nikalia. Nyumba ilikuwa kimya mno, na hao ndio wageni pekee waliokuwa bado wanakuja kwa ajili yake. Kesho yake nikalianika tena. Siku ya tatu pia.

Aliyenizindua ni jirani yangu, mama mmoja wa Kikonzo anayeuza maharagwe.

"Mama, hii vidudu iko nakunywa chumvi ya mutu. Itabakisha nini?"

Nikakimbia, nikalivuta kwenye kamba, nikazamisha pua kwenye kola. Hakuna kitu. Jua tu. Ole wangu! Ulikuwa umemkosa mara moja, mimi nikakukosesha mara ya pili.

Sikufichi, nilitaka kukudanganya. Nililivaa shati lile, nikaenda kwenye kahawa yake, nikalima tangu asubuhi mpaka jua la saa sita, nikijiambia jasho ni jasho, Mama ni mzee, hatajua. Nilipokaa chini, nondo wakaja. Wakatua kwenye kola na kwapani, palepale walipozoea kutua kwake, wakanywa. Mmoja akapanda shavuni akanywa na machozi. Hapo uongo ukanishinda.

Nisalimie Shangazi, umwambie mgongo wake nausikitikia. Nisalimie na Baba Mdogo fundi wa baiskeli. Ule msalaba wa chuma aliotuma tumeusimamisha, na umekaa vizuri.

Shati limo humu, nimelifunga kwa nailoni. Jasho lililomo ni langu, si la Amosi, na nataka ujue kabla hujafungua. Lakini tumetoka tumbo moja, Mama, na wale nondo hawakututofautisha. Lifungue ukiwa peke yako, ulinuse taratibu. Ukimkosa kabisa, ndipo ulifue.

Ni mimi, mtoto uliyebaki naye,
Rehema