Dopamini Mbele ya Mama Mkwe

Shoga, nimejifungia stoo ya maabara.

Si unajua profesa wangu ndiye mama mkwe? Leo kaniita mbele ya wageni: "Waeleze kemikali ya dopamini inavyotuliza seli za ubongo kupitia vipokezi vyake."

Vyake! Vyake nimeviziba vyote kwa dawa, na seli zikatulia vilevile! Dopamini inagusa moja kwa moja vipokezi vya kemikali nyingine, GABA, vile vya kutuliza. Nadharia ya mama mkwe chali.

Nikasema. Mbele yao, shoga, nikasema!

Akacheka. "Msameheni, mimba inamchanganya."

MIMBA! Mimba gani? Sina mimba! Wageni wakanipigia makofi.

Sasa anagonga mlango: "Fungua, mwanangu. Mumeo nimeshamwambia. Analia kwa furaha."