Muntu wa Tatu wa Papa

Kalemie

Mama yangu,

Ukimya wangu usikutie wasiwasi, ni kichwa tu kimenijaa. Mgongo wako unaendeleaje huko Nyunzu? Muhogo mmeshavuna? Sisi tunapumua. Papa anakula samaki wa ziwa kwa furaha, ila mikono yake bado haimtii, wala hasimami bila kushikwa.

Mama, mambo ya biro, ile ofisi ya pensheni, yamenichanganya kabisa. Wanasema mzee wa reli asiyeweza kujihudumia, serikali inamwongezea kidogo kwenye pensheni. Basi nikampakia Papa kwenye mkokoteni, tukaenda. Karani, bwana mwenye koti la abakosti lililopigwa pasi kuliko nguo zangu zote, akasoma Kifaransa, akatutafsiria: nyongeza ni ya mzee anayesaidiwa na “muntu wa tatu” kuoga, kuvaa na kula. Akauliza muntu huyo ni nani.

Nikamwambia nyumbani tuko wawili tu, wa tatu hayupo. Akacheka. Eti Papa ndiye wa kwanza, serikali ya pili, na anayemwogesha ndiye wa tatu. Mpaka leo sielewi serikali inalala chumba gani kwetu.

Akamgeukia Papa. “Papa, nani anakuogeshaka?”

Papa akatazama miguu yake. “Njo bibi yangu, Feza. Eko Nyunzu.”

Karani akashangaa, mke yuko Nyunzu na mume anaoga Kalemie. Akatuambia turudi mwezi ukianza na jibu moja, la sivyo ombi linafungwa.

Wewe unajua, tangu uumie mgongo anayemwogesha ni mimi. Nilitaka kusema. Lakini mbele ya karani na wanaume waliopanga foleni nyuma yetu, kwamba binti anamvua baba yake nguo? Nimeona haya, nimekasirika pia, na sijui nimkasirikie nani. Nikinyamaza tutakosa, nikisema nitamvunjia Papa heshima yake. Nijibu kwa treni, Mama, unieleze nifanye nini.

Nisalimie kaka Ngoy, mwambie mke wake ndoo yake ninayo bado. Nisalimie shangazi anayekutekea maji.

Jana nilipokuwa namwogesha Papa alifumba macho, akasema, “Feza, maji iko muzuri.” Sijui kama amesahau, au anajua vizuri sana. Nikaitika. Sasa karani akiniuliza jina, sijui ni lipi litanitoka mdomoni.

Ni mimi mutoto wako,
Sifa