Tundu Nililotoboa Kwenye Tuta Lako

Da Mwanahawa, mke mwenzangu mpenzi,

Leo asubuhi ukungu ulilala juu ya majaruba yetu ya mpunga mpaka jua likapanda. Nilikuwa nimesimama ndani yake, matope yamenifika vifundoni, nikakuona kama uko ng'ambo ya tuta, kanga umejifunga kiunoni, unaimba puani ule wimbo wako usio na maneno. Sikukuita. Niliogopa ukungu usije ukaondoka nawe.

Nina jambo nimekaa nalo tangu tulipokuzika hapa Mohoro.

Unakumbuka Rehema, yule mtafiti wa kilimo, alipokuja na masanduku yake ya plastiki? Mume wetu alikwishatutoka, tumebaki wawili na shamba moja la mpunga. Yule binti akafunika mashina kwa sanduku, akawa anavuta hewa ya ndani kwa bomba la sindano kila baada ya dakika kadhaa, akiitia kwenye vichupa. Alituambia matope yakikaa majini muda mrefu hutoa gesi iitwayo methani, inapanda angani na kuzidisha joto la dunia. Na mbolea ikimwagwa ovyo hutoa nyingine, naitrasi oksaidi. Akatuomba tukaushe shamba siku kadhaa, tulirudishie maji, tukaushe tena, naye apime.

Mimi nilicheka. "Mpunga ukose maji? Tutakula vipimo?"

Wewe ukakanyaga matope kwa kisigino. Mapovu yakapanda, ukayatazama yakipasuka moja moja, umetulia kama unayasikiliza. "Kumbe shamba linapumua," ukasema. "Mie nusu yangu nampa."

Tukagawana kwa tuta. Kwangu maji yakameremeta, yangeyange wakatembea ndani yake, weupe, kama vipande vya wingu vilivyoshuka. Kwako udongo ukakauka, ukaanza kupasuka nyufa nyembamba. Kila nikipita nilizihesabu zile nyufa. Hicho ndicho chakula chako cha mwaka mzima, na kifua kilishaanza kukusumbua.

Alasiri moja, ulipokwenda zahanati, nilichukua jembe nikatoboa tuta. Maji yangu yakaingia kwako taratibu, bila sauti. Nikasimama nikitazama nyufa zikiyanywa, nikijiambia nakusaidia. Kabla hujarudi nikaziba.

Kesho yake Rehema alikuta udongo umelowa.

"Mama, si tulikubaliana?" akakwambia, uso umemshuka. Kazi yake ya majuma kadhaa imeharibika.

Ulinitazama kidogo tu, ukainama kung'oa magugu. Nami nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka mavuno, ulipopata mpunga mzuri usiopungua wangu. Nilinyamaza hata ulipolala kitandani nikikunywesha uji kijiko kwa kijiko.

Msimu huu nimekausha shamba zima, nusu yako na yangu. Mbolea naitia kidogo kidogo, na Rehema amenifundisha kuvuta ile hewa mwenyewe. Juzi, tukingoja dakika za sanduku zitimie, nikamwambia, "Mwanangu, lile tuta nililitoboa mimi."

Hakuondoa macho kwenye saa yake. "Najua, Bi Zuhura. Bi Mwanahawa aliona alama za jembe, akanieleza jioni ileile. Tukakitupa kile kipimo, tukaanza upya. Alisema, 'Mwenzangu kanionea huruma. Usimuulize, atalia.'"

Nikalia palepale, Da Mwanahawa, mbele ya mtoto wa watu, mpaka dakika za kuvuta hewa zikatupita.

Basi siku zote zile ulikuwa ukijua. Kila kijiko nilichokupa ulikipokea unajua, ukaniambia ahsante. Sijui nikuombe radhi kwa lipi, kwa yale maji au kwa kimya changu. Nakuomba kwa yote mawili. Na nikifika huko uliko, niulize tu. Sasa naweza kukujibu.

Mola akupanulie makazi yako.

Ni mimi, mke mwenzio,
Zuhura