Askari wa Bi Zuhura

Kaka Hamisi, shikamoo. Naandika haraka, usiucheke mwandiko.

Niko ukumbini Tabora. Fainali ya sataranji ya wanawake imesimama kidogo, mpinzani wangu Bi Zuhura ameenda kuswali adhuhuri. Anauza asali sokoni, na kwa umri ni sawa na Mama. Mwanzoni kabisa alimsukuma askari wake, kete ndogo kabisa, akamweka mshazari mbele ya wangu bila ulinzi, akasema, "Pokea, mwanangu, wewe mgeni wetu." Mimi ninayegombana na mabwenyenye magazetini nikaona haya kukataa cha mzee. Nikamla. Sasa farasi na malkia wake wamenizingira, na mfalme wangu hana pa kukimbilia.

Najua nikishindwa utatangaza kibarazani kwamba sataranji si ya wanawake. Thubutu! Aliyenitega hivi ni nani, mwanamume?

Huyo anarudi na sahani ya matobolwa, viazi vitamu vya kukausha. "Kula, ndugu mwandishi. Hivi havina mtego."

Nimekula, Kaka, na sasa narudi mchezoni. Mwambie Mama aniombee, nawe omba pia, hata kama ni kwa siri.

Mdogo wako akupendaye,
Asha