Pete ya Almasi Moja

Jumapili, 1972

Nilichagua mwenyewe, sina wa kumlaumu. Sonara alinionyesha pete mbili nichague. Nikachukua ile ya almasi moja, ndogo kama punje ya wimbi. Nilijua kina Kerubo ni Wasabato, hawavai mapambo. Nikajidanganya kwamba pete ya uchumba si pambo.

Leo huko kwao Gesima, kabla Kerubo hajanyoosha kidole, nyanya yake alipandisha rinda akanionyesha makovu kifundoni.

"Hapa nilivaa ebitinge, vyuma vya ndoa. Vilikatwa ndipo nikabatizwa. Na wewe, mwanangu, unamletea mjukuu wangu chuma kingine?"

Nilimtazama Kerubo aniokoe. Yeye alikuwa akitazama yale makovu.

Pete aliichukua. Aliifumbata tu, hakuivaa. Na nilipoaga, hakunisindikiza.