Kipa wa Nusu Fainali

Kileleshwa, 2 Machi

Mdogo wangu Musili,
Sasa? Bega linaendeleaje? Mimi mzima, ila tajiri wangu amekuwa na wageni na miguu imekataa.
Kibe, yule anayesimamia fleti hizi, anatafuta mlinzi wa geti. Kazi ni yako ukiitaka, lakini anataka jibu Ijumaa ya wiki ijayo. Umekuwa timu ya akiba tangu Mama akiwa hai. Hao vijana sasa wanakuita anko. Fikiria.
Dada yako, Kavindu

Waithaka, 4 Machi

Dada,
Pole na wageni. Bega linauma kukiwa na baridi tu.
Kombe hili la timu za akiba na vijana linaruhusu watu wazima watatu kwa timu, na mmoja ni mimi. Jumapili ni nusu fainali. Kocha Wesonga amesema tukifika fainali, atakayedaka siku hiyo anapandishwa timu kubwa. Nimechoka pia, dada, lakini kuhusu kazi ya Kibe, nisubirie hadi hapo. Uje uone.
Ndugu yako

Kileleshwa, 13 Machi

Musili wangu,
Hujambo? Sauti yangu haijarudi tangu Jumapili. Ile penalti uliyodaka! Nilimkumbatia mama nisiyemjua, tukalia wote.
Leo Kibe ameniuliza tena. Nimemwambia ampe mtu mwingine, ndugu yangu anapanda timu kubwa. Usinigombeze.
Dada yako

Waithaka, 14 Machi

Dada,
Natumai umelala vizuri. Mimi sijalala.
Kipa wa timu kubwa amepona goti, na klabu inataka apimwe kwa mechi moja kabla ya kurudi ligi. Wachezaji wao wakipona huwa wanashushwa kwetu hivyo. Fainali atadaka yeye. Nilikuwa nataka kukwambia naichukua ile kazi. Kesho usije.
Ndugu yako

Kileleshwa, 16 Machi

Musili,
Umekula? Nilikuja. Mlishinda, na wewe ukawa unawagawia maji na kucheka nao. Niliudhika kwa ajili yako, nikaondoka kabla ya medali.
Leo nimerudi kwa Kibe. Geti limeshapata mtu. Nisamehe, niliringa mapema.
Jumapili niletee medali yako. Nitaitundika jikoni, na atakayeuliza kama ulicheza fainali, nitampa vyombo aoshe.
Dada yako

Waithaka, 17 Machi

Dada,
Nimekula, asante. Sina cha kukusamehe. Wewe peke yako ndiye uliyeringa kwa ajili yangu.
Medali zilihesabiwa kabla yule kipa hajashuka. Zilipungua moja, yangu akavishwa yeye.
Nitakuja Jumapili na glavu. Tundika hizo.
Ndugu yako